Nilisema Ubao Una Mistari Minne

Jumatatu, 6 Mei

Kwa hiyo nikasema ndiyo. Najua, najua! Kila mtu ana kiungo kinachomponza, changu ni mdomo. Nikishikwa na haya unajibu wenyewe, hata kabla sijaulizwa vizuri.

Nilikuwa nimepeleka mapazia ya shule tu. Dada yangu ana duka la kufulia nguo, na mimi ndiye mpiga pasi wake. Miaka kumi sasa, chumba cha nyuma, mvuke mtupu. Nikafika mlango wa darasa la tatu, mapazia begani, nikamkuta Mwalimu Mkuu anafundisha mwenyewe. Mwalimu wa darasa amejifungua, harudi mpaka muhula uishe. Sketi ya Mwalimu Mkuu ina marinda kumi na mawili, yote upana mmoja. Niliyahesabu. Mtu wa marinda kama hayo hana mchezo.

Akasema anatafuta msaidizi wa muhula mmoja, wa maumbo na kazi za mikono. Cheti si lazima. Anataka mikono. Fundi Rangi, huyu anayepaka ukuta wa korido, alikuwa ameshajitolea, brashi sikioni. Mwalimu Mkuu akayatazama mapazia yangu yalivyokunjwa, kisha akanitazama mimi. Na wewe kijana, mistari ya ulinganifu unaiweza?

Ndiyo, mdomo ukasema. Tangu utotoni, ukaongeza.

Utotoni! Mimi shule niliacha darasa la nne. Ulinganifu sijawahi kukutana nao hata njiani.

Fundi Rangi akacheka. Akasema we wa mashuka, hii siyo foronya.

Basi imekuwa hivi: kila mmoja wetu atafundisha kipindi kimoja wiki hii. Ijumaa anakuja mkaguzi, darasa la tatu limwonyeshe lilichojifunza. Mkaguzi akishaondoka, Mwalimu Mkuu atasema nani anabaki.

Ningeweza kurudi pale pale nikasema samahani, nimejisahau. Wallahi nilikuwa nimeshageuka. Halafu mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaniona natoka mlangoni. Akasimama wima kama mlingoti. Shikamoo mwalimu!

Nikaitikia marahaba. Sauti ilitoka nzito, sikuijua ni ya nani.

Miaka ishirini na minne, hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Hotelini tunakopeleka nguo wananiita Mashuka. Mtaani mimi ni kaka yake yule wa kufua. Nimetembea mpaka nyumbani kifua mbele, nikapitiliza mlango wetu. Naitaka kazi hii. Naitaka kuliko chakula.

Jioni nikamwendea mpwa wangu. Yuko darasa hilo hilo, ana miaka tisa. Tunamwita Hakimu, maana nyumba nzima inahukumiwa naye. Nikamwuliza kwa ujanja, kama vile nampima yeye: haya, ulinganifu ni nini? Akaanza, mstari wa ulinganifu ni ule unaogawa umbo nusu mbili sawa, halafu uki... Nikamkatiza. Nikasema inatosha, vizuri sana, kaa. Nilishaelewa. Nusu mbili sawa. Kumbe rahisi hivyo! Hakimu akasema lakini mjomba, sijamaliza. Nikamwambia mwalimu hamaliziwi na mwanafunzi.

Akanitazama kama anaandika hukumu.

Jumanne, 7 Mei

Aibu. Aibu yenye masikio.

Nilianza vizuri, nisijidharau. Shati nililipiga pasi mara tatu. Nikawaonyesha leso za meza za hoteli, zile za mraba. Mimi nakunja mia mbili kwa siku. Unakunja katikati, inakubali. Katikati kwa upande mwingine, inakubali. Pembe kwa pembe, inakubali. Pembe zile nyingine, inakubali. Minne! Watoto wakahesabu na mimi. Mwalimu Mkuu amekaa kiti cha nyuma, akaitikia kwa kichwa.

Hapo mtu mwenye akili angekaa chini. Akili ni nywele, na mimi nilinyoa Jumapili.

Nikauona ubao. Mrefu, mweusi, pembe nne. Nikasema na ubao huu nao una mistari minne, maana chenye pembe nne ni chenye pembe nne. Nikavuta chaki kutoka pembe mpaka pembe. Mstari mzuri, mnyoofu. Nusu mbili sawa hizo, nikasema, kuna anayebisha?

Hakimu akalaza kichwa kwenye dawati.

Dirishani Fundi Rangi alikuwa anapaka fremu. Fremu ile ilipakwa jana, niliiona kwa macho yangu. Akasema kwa adabu, ile adabu ya kuudhi, eti samahani mwalimu, hebu chukua karatasi ya daftari uikunje pembe kwa pembe kama leso, na sisi wajinga tuone.

Nikachukua. Nikakunja. Pembe mbili zikatokeza, moja huku moja kule, kama masikio ya punda.

Nikasema karatasi hii imevuta unyevu. Nikaomba nyingine. Masikio. Nikasema hii imekatwa vibaya kiwandani. Nyingine. Masikio! Karatasi kumi na moja. Ile ya mwisho niliibana kwa goti. Darasa zima linacheka, mmoja kaanguka kutoka kwenye benchi. Fundi Rangi akasema jamani mwacheni, kila mtu na mifugo yake, huyu anafuga punda.

Mwalimu Mkuu aliandika kitu. Kirefu. Kisha akaja mbele, akawaeleza taratibu. Mstari ule unagawa ubao nusu mbili sawa, ni kweli. Lakini ukikunja, nusu moja hailali juu ya nyingine. Na ni lazima ilale. Kwa hiyo ubao una miwili tu: mmoja wa kusimama, mmoja wa kulala.

Ndiyo yale ambayo Hakimu hakumaliza.

Hailali juu ya nyingine! Si hilo nalijua kwa vidole, miaka kumi? Suruali isipolala mshono kwa mshono, hiyo haitoki dukani kwa Dada. Mbona hakuna aliyeniambia kwamba ulinganifu ni pasi?

Nyumbani Dada akauliza ilikuwaje. Nikasema imekwenda vizuri tu. Hakimu akasema Mama, katengeneza punda kumi na mmoja.

Jumatano, 8 Mei

Zamu ya Fundi Rangi. Sikualikwa. Nilikaa nje ya dirisha na pazia moja mkononi, nikiulizwa niseme nalitundika.

Ana kipaji, mshenzi yule. Kila mtoto karatasi moja. Tone la rangi upande mmoja, kunja, sugua kwa kiganja, fungua. Vipepeo! Darasa zima vipepeo. Kelele mpaka darasa la tano likaja kuchungulia. Mtoto mmoja yake ikatoka kama uso wa Fundi Rangi mwenyewe akiwa amekasirika. Wakamwonyesha. Akacheka mpaka machozi, akaibandika ukutani. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Mimi ningeificha.

Lakini suruali yake ina mistari miwili ya pasi kwenye mguu mmoja! Nimeiona. Mtu asiyejua mguu una mstari mmoja, atawafundisha nini watoto wa watu?

Nikaona na jambo lingine. Dawati la mwisho yuko binti mmoja ambaye hanyooshi mkono. Wenzake wanapiga kelele, yeye kimya. Kafungua kipepeo chake, kakifunga. Kafungua, kafunga. Namjua mtu wa namna hiyo. Dawati la mwisho nimelikalia miaka minne.

Niliporudi Dada akanipokea na kapu. Akasema kunja leso wewe, hizi hazina mkaguzi ila zina meneja.

Nikakunja, huku napanga. Mikono ikikunja kichwa kinapata nafasi. Na mpango umekuja! Ijumaa mkaguzi atawauliza watoto. Wakijibu vizuri, sifa ni za nani? Za aliyesimama mbele. Basi lazima awe mimi. Nikaenda mbio shuleni, nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba Ijumaa nitaonyesha ulinganifu kwa vitendo. Nitakikunja na kukipiga pasi kitambaa cha meza ya wageni, hapo hapo mbele ya darasa. Akafikiri sana, anazungusha kalamu. Akasema kukunja unaweza, nimeona. Sawa. Lakini maneno machache, kijana wangu. Machache sana.

Kijana wangu!

Alhamisi, 9 Mei

Alama za siri. Hakuna aliyewahi kufikiria kitu kizuri hivi.

Wakati wa mapumziko niliwakusanya nyuma ya stoo ya madawati. Nikawaambia mbele ya mkaguzi msijichoshe kufikiri, kufikiri kunatoa jasho. Nitazameni mimi. Nikigusa pua, jibu ni mmoja. Sikio, miwili. Kidevu, mitatu. Utosi, minne. Wameshika kwa dakika tano! Mimi kitu cha dakika tano nilikuwa nakishika kwa mwaka.

Mmoja akauliza, na ukipiga chafya? Nikasema sipigi chafya. Mwingine akauliza, na kama jibu ni tano? Nikasema hakuna umbo la hivyo. Wakaridhika. Watoto wazuri.

Hakimu amekataa kushiriki. Alisimama pembeni amefunga mikono kifuani kama mkwe aliyekasirishwa. Akasema mjomba, wewe ukiona haya unajishikashika uso. Nikasema mimi? Hata kidogo. Akasema sasa hivi umeshika pua. Nikautoa mkono. Akasema haya, sasa sikio. Nikamwambia aende akacheze na wenzake.

Binti wa dawati la mwisho alikuja, lakini alama hakuzifanyia mazoezi. Alikuwa anaitazama leso mfukoni kwangu. Nikampa. Akaikunja kwa njia zote nne, bila haraka, ncha juu ya ncha, akanirudishia. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote ya wiki hii.

Jioni nimefanya mazoezi ya kuitikia marahaba mbele ya kioo. Sauti nene, halafu ya kati. Nimechagua ya kati.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika mchana. Mikono bado inanuka moshi.

Mkaguzi alifika saa tatu. Mtu mrefu, mpole, miwani. Koti lake limepigwa pasi na mtu anayempenda, mpaka chini ya kola. Mwalimu Mkuu akanitambulisha, huyu ndiye kijana wetu wa vitendo. Watoto wakasimama, wakaamkia, wakakaa.

Meza iko mbele. Pasi yangu ya kazini, ile nzito, waya umetoka ofisini. Kitambaa cheupe cha wageni, kinachotoka kabatini mara moja kwa mwaka. Nikakikunja mara moja katikati, ukingo kwa ukingo. Kikalala. Nikaanza kupiga pasi, mkaguzi anatazama mikono yangu. Niseme ukweli, mpaka hapo nilikuwa mtu.

Mkaguzi akauliza kitambaa hiki kina mistari mingapi ya ulinganifu. Nikagusa sikio.

"Miwili!" Darasa zima, kama mlango uliobamizwa.

Akatabasamu. Na mraba ule uliochorwa ukutani? Nikagusa utosi.

"Minne!"

Mwalimu Mkuu macho yamemtoka kwa furaha. Fundi Rangi kasimama kando ya vipepeo vyake, mdomo wazi. Moyoni nikasema, mwalimu ndiye huyu.

Halafu mkaguzi akanigeukia mimi. Uso kwa uso! Akaniuliza nimefundisha watoto kwa muda gani. Haya ikanipanda kuanzia kwenye soksi. Mkono ukaenda puani.

"Mmoja!"

Akashangaa, akawageukia. Akauliza kwa upole, watoto, humu darasani mko wangapi? Mkono ulikuwa umeshahamia kidevuni.

"Mitatu!"

Walikuwa arobaini na mmoja.

Akajaribu tena, maskini. Shule yenu ina walimu wangapi? Nikajikuta nimeshika sikio. "Miwili!" Mwalimu Mkuu akasimama. Mkaguzi akafungua daftari lake, akauliza, na wengine wako wapi? Nikashika kichwa. Nani asingeshika kichwa? "Minne!" Hakimu peke yake anapiga kelele, acheni, acheni jamani, anaona haya tu!

Nikatia mikono yote miwili mfukoni. Kimya. Mkaguzi akamwuliza mtoto wa mbele jina lake nani. Mtoto akanitazama. Akatafuta mikono, haipo. Akaanza kulia.

Mikono yote miwili mfukoni. Sasa pasi imeshikwa na nani?

Harufu ikanijibu.

Nikaiinua. Moshi! Nikakifungua kitambaa, sijui kwa nini, labda nilidhani upande wa pili umepona. Moto ulikuwa umepita mpaka chini. Pasi mbili za kahawia, kubwa, zimetazamana, na katikati yao kunjo. Mwalimu Mkuu akakaa polepole. Fundi Rangi hata hakucheka, na hilo lilinitisha kuliko kicheko.

Ndipo dawati la mwisho mkono ukanyooka.

Yule binti. Mkaguzi akamwita. Akaja mbele, akaweka kidole kwenye ncha ya pasi ya kwanza, akakishusha katikati mpaka kisiginoni. Akasema huu ni mmoja. Akaenda pasi ya pili, akasema na hii ina wake. Kisha akaweka kidole kwenye kunjo. Sauti ndogo, tuliinama kumsikia. Na huu ni wa zote mbili, maana hii ukiikunja inakwenda kulala juu ya ile. Akafikiri. Akasema ila pembe kwa pembe hapana, itatoa masikio.

Sikugusa chochote. Naapa. Mikono ilikuwa imekumbatia mpini wa pasi.

Mkaguzi akavua miwani. Akakikunja kitambaa mwenyewe, akakikunjua, akakikunja tena. Akaandika muda mrefu. Akamwuliza binti nani amekufundisha hayo. Binti akaniangalia, akaangalia chini. Akasema nimejua kwa kukunja.

Kwa kukunja! Leso ya nani? Haya.

Mkaguzi alipoondoka Mwalimu Mkuu aliniambia neno moja. Jumatatu.

Jumamosi, 11 Mei

Kitambaa nimekuja nacho nyumbani, doa halitoki. Chumvi, ndimu, jua, hakuna. Dada akasema wewe hata kuunguza unalinganisha. Nimekunja leso mia tatu bila kuinua kichwa.

Nimelifikiria jambo zima kwa utulivu. Kosa lilikuwa la pasi. Alama zenyewe zilifanya kazi: mbili za mwanzo zote sahihi! Zilizobaki, maswali ndiyo yalikuwa mabaya. Mkaguzi wa ulinganifu anauliza idadi ya walimu kwa nini?

Hakimu kasikia nikijisemea. Akasema hukumu iko pale pale.

Jumatatu, 13 Mei

Fundi Rangi ndiye aliyepata.

Mwalimu Mkuu alinikalisha ofisini, marinda kumi na mawili mbele yangu. Akasema zile alama amezijua, watoto wenyewe wamemweleza wakimwonyesha na utosi. Akasema mtu anayewafundisha watoto wasifikiri hawezi kumpa darasa. Nikatazama sakafu. Sakafu ya vigae, kila kigae mistari minne, nusu zinalala. Nilitamani kulala nazo.

Halafu akasema, lakini. Sikutegemea lakini.

Mkaguzi ameandika kuwa kukunja kuendelee. Kitambaa kilichoungua, nilichokirudisha asubuhi na doa lake, wamekitundika darasani, kando ya vipepeo. Kwa hiyo kila Jumatano asubuhi nije kwa saa moja nzima, nikunje na watoto. Karatasi, leso, chochote. Sharti moja: mdomo ni wa salamu tu. Mikono yako ifundishe, akasema, mdomo uupumzishe. Na kuna darasa la watu wazima Jumanne na Alhamisi jioni. Ameshaniandikisha. Naanzia darasa la nne, pale pale nilipoachia.

Nikasema ndiyo. Safari hii nilisema mwenyewe.

Kwenye korido Fundi Rangi akashuka ngazi, akanipa mkono wenye rangi. Akasema we wa mashuka, bila utani, vipepeo vyangu vyote havikukifikia kile kitambaa. Sikujua uso niuweke wapi. Nikamtazama suruali. Bado mistari miwili.

Na mlangoni kasimama yule binti. Shikamoo mwalimu.

Marahaba. Ilitoka ya kati, vile vile nilivyofanyia mazoezi. Ningefia pale ningekuwa nimekufa vizuri.

Akauliza, mwalimu, na duara je? Lina mistari mingapi?

Sasa. Ningeweza kunyamaza. Ndiyo sharti. Ningeweza kumpa karatasi tu, akunje aone. Lakini kaniita mwalimu, na mwalimu haulizwi akabaki kutazama dari! Mdomo ukasema Jumatano nakuletea idadi kamili.

Fundi Rangi, ameshapanda ngazi, akasema kijana, usimdanganye mtoto. Mistari ya duara haina idadi. Haihesabiki, haiishi.

Haihesabiki! Kinachokunjika kinahesabika. Huyu anaijua namba, anaificha. Kazi kapata, na bado anaona wivu.

Jumanne, 14 Mei

Nimeanza asubuhi. Duara la karatasi, nimelichora kwa sufuria. Kunja, mmoja. Kunja, miwili. Kunja, minne. Kunja, minane. Kunja, kumi na sita! Hapo karatasi ikagoma, imekuwa nene kama kisigino.

Hakimu alikuwa anafunga viatu. Akasema mjomba, si unaona kila ukikunja inaongezeka mara mbili? Nikasema ndiyo, na kwa kasi hiyo mwisho hauko mbali. Akasema mwambie tu hujui, mkunje wote, kuuliza si ujinga. Nikamwambia akimbie shule, atachelewa. Akasema mimi nimeshatimiza wajibu wangu, akaondoka.

Tatizo ni karatasi. Ndogo! Fundi Rangi hakufika mwisho kwa sababu hakuwa na duara la kutosha. Na mimi ninalo. Kitambaa cha meza kuu ya hoteli: duara tupu, mita tatu, chepesi kama pumzi, nimekipiga pasi mwenyewe jana. Kile kitafika mwisho tu, hakina pa kukimbilia.

Mkaguzi nimemwandikia barua. Nimemwomba kesho saa tatu apite darasa la tatu, asikie idadi ya mistari ya duara kutoka kwa mtu wa kwanza kuimaliza. Nafasi ya namba nimeiacha wazi, ila nimemdokeza haizidi mia. Na kesho kusema nitasema, sharti la kunyamaza haliwezi kuhusu jambo kubwa namna hii. Mwalimu Mkuu ataelewa.

Darasa la watu wazima linaanza leo jioni. Siendi. Darasa la nne nikafanye nini, mtu anayemaliza duara?

Lazima niondoke sasa. Gari la hoteli limeshapiga honi mara mbili, kile kitambaa kiko juu kabisa ya kapu, na Dada ameingia ndani kutafuta kitabu cha kusainisha. Nina kama dakika tatu. Chaki ya kuhesabia mistari haionekani kwenye kitu cheupe, kwa hiyo nimechukua kalamu ya wino.